Naingia Baharini, Watake Wasitake

Mpendwa mshauri,

Nakuomba msaada, tena wa haraka, maana wiki ijayo tunasafiri na mabegi yameshashushwa kabatini. Mimi ni fundi cherehani, mama wa watu wazima, mwili umejaa jinsi ulivyojaa na sijaja hapa kuulalamikia. Kila mwaka binti yangu na mumewe hukodi kijumba ufukweni, vyumba viwili na baraza, hunichukua mimi na wajukuu, na kazi za likizo hugawanywa vilevile: watoto wanajenga nyumba za mchanga, mkwe wangu anaogelea mpaka kichwa kinaonekana kama kifungo cha shati, binti yangu anaokota makombe na kusoma, na mimi eti napumzika, yaani nakaa barazani kulinda taulo na simu za watu.

Mwaka jana nikasema hapana, na mimi naingia majini, ila nguo za kuogelea za dukani zilinishinda, zinabana pasipotakiwa na kuacha panapotakiwa, nikajishonea mwenyewe kwa kitambaa cha mwavuli, maana niliwaza kitambaa kisichoshindwa na mvua kitashindwaje na bahari, nikaunganisha suruali na blauzi kikawa kitu kimoja, na kwa heshima ya mkwe nikatia lastiki mikononi, miguuni na shingoni ili kisipande wala kisishuke, nikajitazama kwenye kioo cha bafuni nikajipongeza. Nikaaga kwamba naenda kulowesha miguu tu. Mshauri, maji yalipofika kiunoni hewa iliyokuwa ndani ya nguo ikakosa pa kutokea, likaja wimbi likaninyanyua, hewa yote ikakimbilia miguuni, miguu ikaenda juu, kichwa kikaenda chini, nikawa boya.

Mkwe wangu akaja mbio, na yule mtoto ana adabu zake, kwani nilipopata kutoa kichwa nilimsikia akisema, “Shikamoo mama, samahani, naomba mguu.” Nikamwitikia marahaba na maji mdomoni. Ufukwe mzima ulicheka, na nilipomaliza kukohoa nilicheka pia.

Asiyecheka ni binti yangu. Juzi kaniambia, “Mama, mwaka huu bahari utaiangalia kwa macho. Ukitia mguu, siku hiyohiyo tunarudi nyumbani sote.” Nikamwambia, “Mimi ndiye niliyekufundisha kutembea.” Akanijibu, “Basi tembea. Mchangani.”

Ninachotaka ujue ni hiki: kabla ya lile wimbi nilisimama kidogo, maji kiunoni, na magoti yangu, yanayoniuma miaka yote kwa kukanyaga cherehani, hayakuuma. Nilisahau kama ninayo. Je, nigomee safari, au niende nikae barazani ili nyumba iwe na amani? Nakuonya mapema, jibu la baraza sitalisoma.

Ni mimi,
Boya

*

Boya wetu,

Pole sana. Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili kaniletea maji, na sikucheki kwa kebehi, kwani mimi mwenyewe nikiingia baharini watu hudhani kuna kabati limetupwa. Jibu la baraza hulipati hapa. Makaripio unayapata.

Wewe ni fundi wa namna gani? Mteja akitaka kuondoka na gauni bila kujaribisha unamrudisha kutoka mlangoni, lakini la kwako ukalijaribu mbele ya kioo. Kioo kina mawimbi? Tena uliongopa. Uliaga unakwenda kulowesha miguu, ukalowesha kila kitu isipokuwa miguu!

Na binti yako usimwone askari. Wewe ulitoka majini na kichekesho. Yeye aliona miguu miwili ya mama yake hewani, kichwa hakipo. Hofu ya namna hiyo haijui kubembeleza, inatoa amri tu. Ihurumie, lakini usiitii. Hofu ni yake, magoti ni yako.

Kwa hiyo safari usiigomee. Atakayekaa nyumbani amekaa barazani vilevile, tofauti ni upepo. Ile nguo ya mwavuli ifumue, ifanye mfuko wa kubebea nguo mbichi. Shona nyingine kwa kitambaa cha fulana, blauzi mbali na suruali mbali, pindo wazi, lastiki kiunoni basi. Habari ya heshima ya mkwe iache, ameshakushika mguu baada ya kukuamkia, sijui unataka heshima gani zaidi. Maji yasipite kiuno. Tembea sambamba na ufukwe, usielekee ndani, na siku ya mawimbi makubwa ujue umeshindwa, urudi kesho. Usiingie peke yako hata kama umekasirika vipi. Hasa kama umekasirika. Taulo na simu zifungieni ndani, nyumba ina ufunguo.

Tishio la kurudi nyumbani lisikusumbue. Mwache awaambie wale watoto wafunge mabegi siku ya pili ya likizo, ndipo atajua nani ana jeshi.

Sasa lililo gumu. Zungumza naye leo, nyumbani, si ufukweni mbele ya watu. Usimwombe ruhusa, mwombe mkono. Mwambie, “Mwanangu, naingia, na nataka uwe ubavuni mwangu.” Huenda akalia, huenda akanuna. Vyote vivumilie. Akikataa, mkwe yupo.

Na usingoje akubali ndipo uanze kushona. Mwambie huku kitambaa kiko mezani na unakata, aone mkasi hautetemeki.