Sahani Nyepesi Inaelea

Jumamosi, Homa Bay



Nilikuwa nazisifu sana hizi sahani zangu nyepesi za plastiki za gofu ya kurusha sahani kikapuni, ile ya masafa ya kati na ile ya kumalizia karibu na kikapu. Gramu mia na hamsini tu, mkono hauchoki. Na zikianguka ziwani zinaelea, unaokota. Nilimwambia hivyo wifi yangu Adhiambo alipoanza kucheza na mimi. Kwa mdomo wangu huu.

Leo mchana upepo wa ziwa uliibeba ile ya kati kama karatasi, ikatua kando ya magugu maji.

"Si hiyo hapo inaelea, wifi. Wacha nikutolee."

Kabla sijajibu, maji yalikuwa yamemfika Adhiambo kiunoni.

Jamaa aliyekuwa anaosha pikipiki ufuoni akapiga kelele: "Rao! Mama, toka! Rao!"

Kiboko. Lile nililodhani ni jiwe likachezesha masikio.

Adhiambo alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki matopeni. Sasa yuko jikoni anamsimulia mume wangu, wanacheka. Mimi siwezi. Nikifumba macho naona yale masikio, na yeye amenyoosha mkono...

Kesho anataka turudi palepale. Namjua, ataenda hata bila mimi.

Nimetoa zote nyepesi kwenye mkoba, nikaweka nzito. Upepo hauzisumbui sana, lakini si kwa sababu hiyo.

Nzito ikianguka majini inazama. Hakuna mtu atakayeifuata.