Mama Kulwa, Usimwingize Mtoto Ziwani

Mdogo wangu, Mama Kulwa,

Nimeanza na jina ambalo watu waliacha kukuita tangu mazishi ya pacha wako, kwa sababu jambo nililokuficha limo humo. Hujambo? Goti bado linakusumbua ukipanda kilima kwenda kanisani? Mimi huku Uswidi pumzi imekuwa fupi. Daktari amekuwa mpole mno kwangu, ndipo nikaelewa.

Jana Shija alinipigia analia. "Mjomba, mama kaficha dawa za mwanangu. Anasema Jumapili tunampeleka ziwani, kifafa kiishie majini kama cha dada Doto."

Mtoto akishikwa na kifafa akiwa majini, nani atamfikia?

Naijua imani yako, Milembe. Mume alikuacha na mabinti watatu, ukawalea kwa kuanika dagaa pale Kirumba, na hukuacha kusali. Siicheki. Lakini mtumbwi ulipopinduka na mapacha wako, mimi ndiye niliyeogelea, na nilimfikia mmoja tu. Wewe ulikuwa ufukweni unalia, "Mungu, niachie Doto wangu, mgonjwa wangu!" Mtoto alikuwa begani kwangu, anatapika maji, anakusikia.

Ukamshika uso. "We nani?" Walifanana mno, na machozi yalikujaa machoni.

Alinitazama mimi kwanza. Kisha akajibu, "Doto." Ukaanguka magotini.

Ulipokwenda kumtafuta mwenzake, aliningʼangʼania shati. "Mjomba, usimwambie mama. Si ndiye anayemtaka?"

Mwalimu mzima, nikamkubalia. Kifafa hakikurudi, kanisa likashangilia, ukawa Mama Doto. Kila alipoitwa mbele kutoa ushuhuda, mimi nilikaa benchi la nyuma nikitazama viatu vyangu.

Mrudishie mtoto dawa zake leo. Mwombee, lakini ameze. Mwanangu ataipiga picha barua hii aitume kwenye simu yako. Isome peke yako. Kwa mdomo nisingeweza, na ungenikatia simu.

Nisalimie Shija na mjukuu wetu. Msalimie mchungaji wako, hata kama atanikasirikia. Na binti aliyebaki nawe, huyo anayekukanda goti, msalimie kwa jina ulilompa alipozaliwa. Hakuponywa majini, kwa kuwa hakuwahi kuugua. Ni Kulwa.

Kaka yako,
Masanja