Dawa ya Pinki Mgongoni

Baba Kabula, mwangaluka!

Nawahi kazini, ila homa ya mtoto imeshuka! Ameamka mwenyewe, ameomba michembe, vile viazi vikavu. Imo kwenye sufuria ndogo. Akijikuna, mpake ile dawa ya pinki. ~~Wewe nenda tu kwenye shughuli zako Nyashimo, Joyness wa jirani atakuja kukaa naye.~~

Hapana, usiende popote! Ngoja nikueleze.

Nilikuwa nimeiacha barua hii nakoroga uji, nikamsikia Kabula anacheka sebuleni. Tangu tetekuwanga imshike hajacheka vile! Kuchungulia, wewe umelala fofofo kifudifudi kwenye hilo kochi ulilokimbilia kutukwepa, na yeye anakutia vidoa vya dawa mgongo mzima. Nikamkemea, anaimaliza dawa. Akanijibu, "Mama, baba naye anavyo."

Nikawasha tochi ya simu. Unavyo! Kila doa lina kipele chake, hajaruka hata kimoja. Nimecheka mpaka nimeunguza uji.

Wiki nzima unatusalimia kutoka mlangoni kama jirani, eti lazima mmoja wetu abaki mzima. Iliniuma, nisikufiche. Sasa kochi limekusaidia nini?

Dawa usiifute. Nitapita zahanati niwaulize, maana tetekuwanga huwa inawashika vibaya watu wazima. Maji ya kunywa yako kwenye jagi, kunywa mengi. Na hamia chumbani leo hii. Kabula ameshakutandikia upande wako, na amesema nikuandikie usiogope: haviumi, vinawasha tu.

Mama Kabula