Maharagwe ya Mama Akinyi

Baba mpendwa,

Pole na mvua ya huko Bungoma. Huku mtaani Pipeline magorofa yamebanana hadi jua halifiki chini.

Unaikumbuka ile ramani niliyotengeneza, ambayo madereva wa ambulensi huifungua kwenye simu kutafuta ploti, yaani jengo analoishi mgonjwa? Juzi ilikawia kufunguka. Dereva alibaki kwenye kona akitazama skrini nyeupe, na jirani wa Mama Akinyi akakata roho ngazini.

Mama Akinyi huuza maharagwe yaliyochemshwa, chini ya ploti hiyohiyo. Nilipomuuliza mbona anachemsha sufuria nzima alfajiri ilhali wateja huja jioni, alinijibu, "Mwenye njaa hangoji yaive, mwanangu."

Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba dunia ni mviringo na karatasi ni bapa, kwa hivyo vipimo vya mpima ardhi lazima vigeuzwe kwa hesabu ndipo vikae kwenye ramani. Mimi niliiacha seva, ile kompyuta inayotuma ramani kwenye simu, ivigeuze vyote upya kila mara mtu alipofungua ramani, ndiyo maana ilikawia. Leo nimevigeuza mara moja tu, nikavihifadhi vikiwa tayari.

Kisha nikamwendea Mama Akinyi, nikakiri kwamba ramani ile ni yangu. Hakunifokea. Alifuta mikono kwa leso, akasema, "Nitafutie mlango wa jirani yangu."

Nikagusa simu. Mlango ukatokea kwenye ramani kabla sijavuta pumzi. Aliutazama, kisha akageukia ngazini alikofia jirani yake.

"Sasa ndio ramani imefika," akasema.

Niombee, Baba, na usisahau dawa zako.

Binti yako,
Nafula