Wajomba Wapigia Kura Dawa ya Koku

Kihanga, Jumapili jioni, 1994

Kosa la wengi ni kuchagua kwa macho dawa ya pumu ya kuvuta, kama wanachagua redio. Leo wajomba wa mjukuu wangu Koku wamepokezana vifaa vyake viwili, cha unga na cha kupuliza, kama mrija wa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kisha wakapiga kura. Kimeshinda cha unga, kwa sababu ni kitamu.

"Na wewe Koku?" nikauliza.

"Babu, kifua kikibana sina nguvu ya kukivuta hicho."

"Mtoto hapigi kura," akasema mjomba mkubwa, akikohoa unga.

Koku ana miaka kumi na minne, na pumzi ni zake. Naogopa siku atakayobanwa akiwa na kitamu hicho peke yake...

Leo, kabla hajalala, avute cha kupuliza mbele yangu, nione kama dawa inaingia.