Si Mwanasha Aliyemaliza Tafi

Kaka yangu Bakari,

Nakuombea barua hii ikukute kifua kimeachia na usingizi umerudi. Mimi huku bara, mtaani Njiru, mwili mzima, moyo ndio bado. Tangu tumzike Mama, kila nikichemsha chai natia tangawizi aliyonipondea mwenyewe. Imebaki kidogo ndani ya kopo, nami naihofia siku itakapokwisha.

Naandika kwa kuwa kwa simu, nikimtaja Mwanasha tu, unakata. Shangazi ameniambia umemrudisha mkeo kwao. Eti alishuka mwambani kuchokoa pweza kabla ya arobaini ya Mama, bahari ikakasirika, na sasa hakuna samaki, si tafi si pono, wala pweza.

Kaka, mwiko wa nyumba yetu naujua. Lakini siku ile waombolezaji walijaa uani na kitoweo hakikuwepo. Mwanasha alileta pweza mmoja, akampika kwa nazi, tukala sote. Nawe ulikula, ukaomba mchuzi.

Tena kumbuka Ramadhani iliyopita, Mama akiwa hai. Maji ya bamvua yalipotoka nilifuatana naye hadi pale palipokuwa na majani ya bahari, yale yaliyotutekenya miguu utotoni. Tulikuta mchanga mtupu, na vile viumbe vya mviringo vyenye miiba vimejaa kama mbegu zilizomwagika. Mama alirudi na kikapu kikavu. Alisema, "Hawa wa miiba zamani walikuwa wakiliwa na samaki kikande. Kikande yuko wapi siku hizi?" Kikande tulimla sisi wenyewe, Kaka.

Neno hilo nalifikiri kila siku kwenye cherehani, huko mtaa wa Fedha ninakoshona. Kikande akiisha, wa miiba huongezeka. Wakiongezeka, hula majani. Majani yakiisha, tafi atakula nini? Kaa naye atajificha wapi? Na pweza humfuata kaa. Labda ndivyo, labda sivyo. Yapo pia maji yaliyopata moto mwaka ule hadi matumbawe yakawa meupe, na lipo juya, wavu unaokokota samaki wakubwa na wachanga pamoja. Sijui kipi kilitangulia. Ninalojua ni kwamba kikapu kilikuwa kikavu kabla Mama hajafa, na Mwanasha hakuwa amevunja mwiko wowote.

Nilimsimulia jirani yangu Mutuku, Mkamba anayechonga vinyago. Kwanza alinitania kwamba sisi watu wa Pwani hata samaki wakihama tunatafuta mchawi. Kisha akaweka kinyago chini.

"Dada, hata kwetu miti ya kuchonga ilipoisha tulimlaumu mama mkwe wa mtu. Na patasi tulikuwa nazo mikononi."

Alicheka, nami nikacheka, halafu nikaingia ndani nikalia.

Sisemi ni juya lako peke yako, Kaka. Wanaokokota ni wengi, na watoto lazima wale. Ila usimtwike mtu mmoja kilichomalizwa na wengi. Wiki zile za mwisho ni Mwanasha aliyemgeuza Mama kitandani na kumkanda miguu. Mimi bintiye nilikuwa huku.

Nisalimie Shangazi msuka mikeka, na Mjomba anayefungua msikiti alfajiri. Wanao wabusu kwa niaba yangu. Mkubwa aliniuliza kwa simu kama mama yake atarudi. Nikamwambia akuulize wewe.

Usitume mshenga. Nenda mwenyewe kwa wakwe zako mchana, watu wakuone, useme ulikosea. Tumeshampoteza mama mmoja, Bakari. Mama wa wanao yuko hai.

Dada yako akupendaye,
Mwanaidi