Mkate wa Kashgar

Lionja, Jumatano, 11 Agosti 2004

Zainabu ameniletea tena mkate wa ufuta, na tena nimeshindwa kuumeza.

"Mume wangu, umenichoka?" akasema. Mjukuu huyu hunitania hivyo tangu utotoni. "Basi nisimulie yule babu wa Uchina alivyokukumbatia."

Familia nzima inaijua hadithi hiyo. Mwaka 1994 nilikwenda Uchina na ujumbe wa mabwana shamba, tukapelekwa Kashgar, mji wa kale wa Wauyghuri, ambako zamani misafara ya hariri ilipita. Kwenye kichochoro cha nyumba za udongo, mzee muoka mikate aliniinulia mkate uliojaa ufuta, akasema, "Nan." Nikadhani ananiuliza mimi nani. Nikajibu, "Bakari." Watu hucheka sana hapo, maana nan kwao ni mkate.

Kukumbatiwa nilikuongeza mwenyewe.

Moyo wangu umechoka, daktari hafichi tena, na sitaki kuondoka na uongo huu. Jina langu lilimfurahisha yule mzee. Akajigusa kifua, akauliza kama mimi ni Mwislamu mwenzake, "Musulman?" Mkalimani wetu, mtu wa serikali ya Uchina, alikuwa akitutazama. Niliogopa, hata sijui niliogopa nini. Nikatikisa kichwa, hapana.

Aliniangalia kidogo, kisha akanipa mkate. Nikaula.

Leo nimemweleza Zainabu yote. Hakucheka. Aliukata mkate vipande viwili, akauliza taratibu, "Ulimwambia asante, babu?"

Safari hii hakuniita mume. Nikamjibu kwamba hata asante sikusema.